Kipofu wa Kuchagua

Kiwandani walimwita Vifungo, na jina likamganda mpaka mumewe naye akalizoea. Kwa miaka ishirini na miwili alishona sare, za wauguzi, za walinzi, za watoto wa shule, na kazi yake hasa ilikuwa matundu ya vifungo na ukaguzi wa mwisho kabla mashati hayajakunjwa. Shati lenye kifungo kilicholegea halikumpita. Alikuwa akilivuta katikati ya mengine arobaini, analitupa kando, na anaendelea na mazungumzo yake kana kwamba hana hili wala lile. Wasichana wapya waliambiwa siku ya kwanza: mwogopeni huyo mama, ana jicho.

Ndiyo maana macho yalipoanza kumharibikia hakuna aliyeamini, na yeye mwenyewe ndiye aliyechelewa kuliko wote.

Haikuanza kwa giza. Ilianza kwa kugonga vitu. Mapaja yake yalijaa alama za kona za meza. Siku moja aligongana na toroli la vitambaa lililokuwa likitokea kushoto, akamfokea msukumaji kwamba anatembea kama mwizi. Msukumaji akasema, "Mama, nimekuita mara tatu." Wiki chache baadaye mwenzake aliweka pasi ya mvuke pembeni mwake, mahali ilipokuwa ikiwekwa kila siku, na Vifungo akauegemeza mkono wake juu yake. Kovu lake hadi leo lina ncha kama ya pasi. Meneja alimwambia awe makini. Wenzake walicheka wakasema siku hizi Vifungo ana mpenzi, mawazo hayapo.

Kwenye kliniki ya macho walimkalisha mbele ya mashine iliyofanana na bakuli kubwa jeupe, wakamwambia atazame katikati, na kila akiona nukta ya mwanga abonyeze kitufe. Akakaa. Akangoja. Nukta moja, mbili, kisha kimya. Baada ya dakika kadhaa akamwambia muuguzi kwa upole kwamba mashine yao imekwama. Muuguzi akainama, akachungulia ndani ya bakuli. Kisha akasema, "Haijakwama, mama. Nukta zinawaka muda wote."

Karatasi iliyotoka kwenye ile mashine ilikuwa nyeusi, na katikati yake pana kidoa cheupe kisichozidi kifungo cha koti. Daktari alimweleza kwamba ni presha ya macho. Ilikuwa imekula pembeni zote taratibu, miaka na miaka, ikabakiza katikati. Kilichokwenda hakitarudi, dawa itajaribu kushikilia kilichobaki. Alikunja gazeti likawa mrija, akampa mume wa Vifungo autie jichoni. "Tembea hadi mlangoni," akamwambia. Mume alitembea hatua nne, akajikwaa kwenye kiti.

Huyo mume alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole, mchache wa maneno, ambaye kwa kazi yake alijifunza kutomwamini mwenye jokofu. Wote walimwambia limezima lenyewe, na wote, alisema, walikuwa wameligonga au kulichokonoa barafu kwa kisu. Aliondoa ule mrija jichoni akautazama mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta ulipoharibika.

Kiwanda hakikumfukuza. Kilimwandikia barua ya kumtakia heri. Naye akaomba malipo ya ulemavu ya serikali, ambayo kila mwezi alikuwa akikatwa mshahara kwa ajili yake bila kuyafikiria. Alijaza fomu, akaambatisha vyeti na ile karatasi nyeusi ya kliniki, akaitwa kupimwa na daktari wa ofisi ya mafao.

Daktari huyo alimsimamisha mbele ya bango la herufi. Vifungo alizisoma zote, kubwa kwa ndogo. Alipomaliza mstari wa mwisho akaendelea, akasoma na yale maandishi madogo kabisa chini ya bango, jina la kiwanda kilicholichapa na mwaka. Daktari akatabasamu. Vifungo akamwambia, "Tatizo langu ni pembeni, daktari. Mbele naona." Daktari akasema, "Ndiyo, ndiyo," huku anaandika.

Baadaye wakili wake alimuuliza, kwa nini, kwa nini kabisa, alisoma na yale maandishi ya chini.

"Kwa sababu yalikuwepo," akasema.

Barua ya kukataliwa ilifika baada ya miezi miwili. Aliisoma mwenyewe, amesimama jikoni. Ilisema uoni wake ni wa kawaida. Ilisema pia kwamba, kwa mujibu wa taarifa kutoka kwa mtu aliyefika nyumbani kwa mwombaji zaidi ya mara moja, mwombaji ana uwezo wa kutunga uzi kwenye sindano bila msaada wa miwani.

Alirudia mstari huo mara nyingi. Kukataliwa kulimuuma, lakini huo mstari ulimwingia mwilini. Mtu aliyefika nyumbani. Zaidi ya mara moja. Mtu aliyekaa kwenye viti vyake, akamtazama akishona, akatoka akaenda kumsema.

Akaanza kuhesabu watu. Jirani wa upande wa bomba alikuja mara kwa mara kuazima, lakini huyo hakuweza kutunza siri hata ya kwake. Mwenzake wa kiwandani alikuja mara moja tu. Wateja wa kazi ndogo za mkono alizofanyia nyumbani, pindo na zipu, hao walikuwa wachache na hawakukaa. Akabaki mtu mmoja, na kadiri alivyomfikiria ndivyo moyo ulivyozidi kumlipuka: wifi yake.

Wifi alikuwa dada mkubwa wa mume, karani mstaafu wa shule, mwenye ulimi mkali na mwandiko mzuri. Alikuja kila Jumapili. Jumapili moja alikuwa amekaa pale pale kochini Vifungo alipotunga uzi mwembamba kwenye sindano namba kumi, mara moja tu, bila hata kulamba ncha. Kisha Vifungo akainuka, akapita, akakanyaga mguu wa wifi na kumwaga karanga zote. Wifi akapiga kelele, "Ala! Tundu la sindano unaliona, mguu wangu wote huu huuoni? Wewe ni kipofu wa kuchagua!" Walicheka wote siku ile. Sasa Vifungo hakuona cha kucheka.

"Ni dada yako," akamwambia mumewe.

"Dada yangu aende ofisi za watu kusema nini?"

"'Bila msaada wa miwani.' Nani mwingine katika ukoo huu anaongea hivyo? Hayo ni maneno ya karani."

Mume akanyamaza. Vifungo akauchukua ukimya wake kuwa jibu.

Hakumsuta wifi. Laiti angemsuta mambo yangeisha mapema. Alichofanya ni kufunga mlango. Jumapili iliyofuata mlango ulifungwa kufuli kwa ndani, na wao wawili wamo humo, wamekaa kama wageni nyumbani kwao, wakimsikiliza wifi akibisha hodi. Sufuria ya wifi ilirudishwa kwa mkono wa jirani, imesuguliwa mpaka inang'aa. Wifi alipompigia simu kaka yake kuuliza kuna nini, kaka alisema mke wake hajisikii vizuri. Miezi michache baadaye wifi alilazwa, akafanyiwa upasuaji wa nyongo. Mume alikwenda kumwona kila siku na chupa ya uji. Vifungo hakwenda. Alisema njia ya hospitali ina mitaro, na ni kweli ilikuwa na mitaro.

Lakini hakuishia kwa wifi. Mtu akishajua kwamba anatazamwa bila kujua ni nani anayemtazama, hata pazia linakuwa na macho. Alihamisha kiti chake cha kushonea kutoka dirishani hadi nyuma ya kabati. Gazeti alilisoma chooni. Mgeni akiingia, alificha sindano chini ya paja. Halafu, na hili hakumwambia mtu yeyote kwa muda mrefu, akaanza kuigiza.

Kipofu anayejulikana na watu hupapasa. Basi naye akaanza kupapasa. Dukani alishika noti karibu na pua, ingawa angeweza kusoma namba zake toka mbali. Njiani alitembea akinyoosha mikono mbele, mahali pekee alipoona vizuri, na huku pembeni ambako kweli haoni, baiskeli zilimkosakosa kama kawaida. Aliona aibu. Kila kitu alichosema kwenye ile fomu kilikuwa kweli, na sasa alikuwa akiongopa ili afanane nacho.

Mumewe aliliona. Alimwona sokoni akishika nyanya kama mtu anayetafuta mlango gizani, na yule yule, asubuhi ile, alikuwa ameona mchwa mmoja kwenye mguu wa meza. Hakusema. Ila siku chache baadaye, Vifungo akiwa anakata kucha mezani, alihisi upepo mdogo kwenye shavu la kulia. Kesho yake tena, shavu la kushoto. Siku ya tatu alielewa. Mumewe alikuwa akisimama kando yake na kupitisha mkono karibu na sikio lake, polepole, kuona kama atashtuka. Alikuwa anampima, kama jokofu.

Vifungo aliendelea kukata kucha. Hakugeuka. Alijua akigeuka kwa kuhisi upepo, mume atasema ameona.

Malalamiko aliyoandika kwa ofisi ya mafao yalijibiwa kwa barua iliyokuwa na maneno yale yale na tarehe tofauti. Kilichobaki ni mahakama. Jirani wa bomba ndiye aliyemwelekeza kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, chumba kimoja juu ya duka la rangi, kilichonukia rangi, chenye mafaili yaliyofungwa kwa kamba za viatu. Wakili alikuwa msichana mwenye mafua yasiyoisha, leso mkononi muda wote.

"Ukinitazama unaona nini, mama?" alimuuliza.

"Pua yako."

"Na masikio?"

"Sijui kama unayo."

Wakili akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza maswali kwa saa nzima, na mwisho, bila kuinua kichwa kwenye karatasi zake, akasema, "Nimekuona toka dirishani ukija. Ulikuwa unapapasa ukuta."

Vifungo akaweka mikono mapajani.

"Ukuta unauona. Uko mbele yako. Kwa nini ulikuwa unaupapasa?"

Hapo ndipo alipolisema, kwa mara ya kwanza, akilia. Wakili alimpa leso kavu akamwambia, "Kuanzia leo, acha. Wakikupiga picha unaigiza, tumekwisha, hata ukija na madaktari kumi. Soma gazeti lako barazani. Tunga sindano yako. Gonga unavyogonga. Basi."

Ilikuwa nasaha nzuri, na Vifungo akaitilia shaka nayo. Huyu msichana halipwi na mimi, aliwaza. Analipwa na nani? Kwa hiyo nakala ya faili lake ilipotoka mahakamani, alidai kuisoma mwenyewe. Wakili alimwambia ameshaipitia mara mbili. "Sawa, mwanangu. Na mimi nitaipitia." Alikaa kwenye benchi la ofisi ile siku nzima, ukurasa kwa ukurasa, akisogeza karatasi mbele ya kile kitundu chake cha kuonea kama alivyokuwa akisogeza mashati.

Ripoti ya mtu aliyefika nyumbani ilikuwepo, lakini jina lilifutwa kwa wino mweusi. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna. Akaendelea. Halafu akarudi nyuma kurasa mbili, akaenda mbele, akarudi.

"Wakili," akaita. "Baada ya kumi na moja inakuja ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Hapa imekuja kumi na tatu."

Wakili akaja na leso yake. Ukurasa wa kumi na moja uliishia na maneno 'matokeo ya kipimo cha upana wa uoni yako ukurasa unaofuata.' Ukurasa uliofuata ulikuwa risiti ya malipo ya kliniki. Ile karatasi nyeusi yenye kidoa cheupe haikuwepo. Kwa hiyo daktari wa ofisi hakuiona, aliyesaini barua hakuiona, na aliyejibu malalamiko hakuiona.

"Wameing'oa," alisema Vifungo.

"Au mashine ya kutoa nakala imemeza karatasi mbili kwa pamoja. Hutokea."

"Imemeza hiyo tu? Risiti ikaitema?"

Wakili alikwenda kliniki akapata nakala nyingine, yenye muhuri na tarehe ya zamani.

Siku ya shauri walifika mapema. Vifungo alikaa korido na mumewe, kwenye benchi refu lililong'arishwa na makalio ya watu wenye shida, na wakili akaenda kuulizia chumba. Kutoka kona ile alikopotelea ikaja sauti ya kicheko, mafua yakiwemo. Vifungo aligeuza kichwa chote, kama ilivyombidi, akamwona wakili wake akimpiga begani mwanamume mwenye joho. Mwanamume huyo alikuwa wakili wa ofisi ya mafao.

"Umeona?" akamnong'oneza mume. "Wameshakula njama."

Wakili aliporudi alimkuta ameshasimama na mkoba kwapani. "Tulisoma darasa moja," alisema, bila kuulizwa. "Alikuwa ananiibia majibu ya mtihani. Kaa, mama. Ngoja uone nitakavyomsaga."

Jaji alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ndogo iliyowalazimisha watu kunyamaza. Wakili wa ofisi ya mafao alianza kwa kusema kwamba mtu anayesoma maandishi madogo kuliko yote kwenye bango la hospitali hawezi kuitwa asiyeona. Alitaka Vifungo asome gazeti mbele ya mahakama. Wakili wa Vifungo akasimama akasema sawa, asome, na yeye ataweka vitu pembeni mwake waone kama ataviona. Jaji akawatazama wote wawili. "Hapa si uwanja wa mazingaombwe. Leteni mashahidi."

Daktari wa ofisi alikuja, akaeleza habari ya bango. Wakili wa Vifungo akamuuliza kama alipima na upana wa kuona.

"Hapana."

"Mwombaji alikuambia tatizo lake ni pembeni?"

"Huenda alisema."

"Kwa nini hukupima?"

Daktari akafungua mikono. "Fomu haina nafasi ya kuandika kipimo hicho. Ina nafasi ya bango."

Jaji akaandika kitu, taratibu, na chumba kizima kikasikiliza kalamu yake.

Kisha akaitwa shahidi wa pili wa ofisi ya mafao. Mlango ulikuwa pembeni, kwa hiyo Vifungo hakuona aliyeingia. Alikaa ameshika mkono wa kiti, akingoja sauti ya wifi. Alikuwa ameshajiandaa jinsi atakavyomtazama. Sauti ikaapa kusema kweli. Haikuwa ya wifi, lakini aliwahi kuisikia, na ilimchukua muda kuikumbuka kwa sababu mara ya mwisho ilikuwa ikimsifia mapazia yake.

Ilikuwa ya mteja wa sketi ya bluu.

Mwanamke mmoja mwenye viatu safi, aliyeletewa habari, alisema, na rafiki, kwamba hapa pana mama anayejua kupandisha pindo kwa mkono. Alileta sketi Alhamisi, akaifuata Jumatatu. Alikaa kidogo, akauliza habari za watoto, akaomba atungiwe na uzi wa akiba aende nao. Vifungo alimpenda. Alimtungia sindano tatu, za rangi tatu, bila malipo.

Shahidi alieleza kwamba yeye ni mkaguzi wa ofisi ya mafao na kwamba alishuhudia sindano tatu zikitungwa. Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu. Wakili wa Vifungo akapenga kamasi, akasimama.

"Ulipoingia siku ya kwanza, ulisalimia?"

"Ndiyo. Nilibisha hodi mlango uko wazi. Nikasimama ndani, upande wa kabati."

"Akakuitikia?"

"Mara ya kwanza hapana. Nikasalimia tena. Akawa anatazama mlangoni, ananitafuta. Nilikuwa pembeni yake kama hatua mbili hivi."

"Ukafikiri nini?"

"Nilifikiri ana dharau."

"Na malipo ya pindo, ulimpaje?"

"Nilimnyooshea. Hakupokea. Nikayaweka mbele yake, kwenye kitambaa, ndipo akachukua."

"Haya yote yamo kwenye ripoti yako?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Mwanamke yule akatazama upande wa wakili wa ofisi yake, kisha akatazama sakafu. "Niliagizwa niandike anachoweza kufanya," akasema.

Karatasi nyeusi ya kliniki ilitolewa mwisho. Jaji aliuliza ukurasa wa kumi na mbili uko wapi. Wakili wa ofisi akasema faili limekamilika. Jaji akamwambia ahesabu. Alihesabu kwa sauti, mbele ya watu, kama mtoto, na alipofika kumi na moja akanyamaza. Hakuna aliyeeleza, siku ile wala baadaye, ukurasa ulikwenda wapi. Wakili wa Vifungo anaamini hadi leo kwamba ni mashine. Vifungo anaamini ni mkono wa mtu, na hakuna wa kumtoa katika imani hiyo.

Njiani kurudi nyumbani mume alitembea upande wake wa kushoto, karibu, akimgusa kiwiko kila penye shimo. Walipofika karibu na nyumbani akasema, akitazama mbele, "Nilikuwa nakupima. Kwa mkono."

"Najua. Nilikuwa nahisi upepo."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeamini nilihisi tu, sikuona?"

Mume alitembea kidogo. "Yule dada yangu," akasema, na hakumaliza, na haikuhitajika amalize.

Hukumu ilitoka baada ya wiki sita. Jaji hakumpa malipo. Alisema hiyo si kazi yake. Alitengua uamuzi wa ofisi, akaamuru apimwe upya, upana na yote, ndani ya siku sitini, na daktari mwingine. Ofisi ilimpima siku ya hamsini na tisa. Safari hii palikuwa na bakuli jeupe na nukta, na Vifungo alikaa akibonyeza kitufe pale alipoona tu, ingawa mara kadhaa alishawishika kubahatisha, kwa tabia ya mtu asiyependa kukosa. Barua ya kukubaliwa ilikuwa fupi kuliko ya kukataliwa. Chini yake iliandikwa kwamba hali ya mnufaika itakaguliwa tena wakati wowote bila taarifa.

"Bila taarifa," alimsomea mume. "Unasikia? Watarudi na sketi nyingine."

Hata hivyo alirudisha kiti chake dirishani.

Kwa wifi alichelewa kwenda. Kila Jumapili alijiambia Jumapili ijayo. Mwishowe alipiga moyo konde akaenda peke yake, akipita njia ile ile ya hospitali yenye mitaro, akigeuza kichwa kushoto na kulia kila hatua chache kama alivyofundishwa kliniki. Wifi alimfungulia. Alikuwa amekonda baada ya upasuaji, gauni linamning'inia. Hakumkaribisha kwa maneno. Alisogea tu mlangoni, akamwacha apite.

Vifungo alisema kila kitu akiwa amesimama. Barua, ule mstari, maneno ya karani, kufuli Jumapili, hospitali. Alisema alimdhania vibaya, na kwamba aliyemsema amepatikana, ni mtu wa ofisi, na anaomba radhi.

Wifi alisikiliza, mikono imekunjwa. "Nilibisha hodi nikajua mmo ndani," akasema. "Redio ilikuwa inaongea. Mkaizima."

"Ndiyo, wifi."

"Nilipolazwa nilimuuliza kaka, wifi yangu hajambo? Akaniambia mitaro."

"Nisamehe."

"Kaa."

Akakaa. Wifi akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitaji chai kuchemka. Aliporudi alikaa mbele yake, ana kwa ana, akafikiri, kisha akasema kwa sauti ya chini ambayo Vifungo hakuwahi kuisikia kutoka kwake.

"Mimi sikukusema popote. Lakini usiondoke hapa unanifikiria malaika. Wangekuja kuniuliza mimi, ningewaambia vile vile. Nilijua unadanganya. Nilimwambia na kaka: mke wako amechoka kazi, anatafuta njia. Karanga zile nilizifikiria mwezi mzima."

Vifungo alimtazama. Uso wa wifi ulijaa kile kitundu chote, hapakuwa na nafasi ya kitu kingine.

"Na sasa?" akauliza.

"Sasa jaji amesema." Wifi akainua mabega. "Kunywa chai."

Vifungo akanyoosha mkono. Kikombe kilikuwa kwenye kistuli, upande wa kulia, mahali wifi alipokiweka kwa mazoea, na mgongo wa mkono wake ukakipiga kikaenda chini. Chai ikatapakaa hadi kwenye mkeka. Wifi alitazama kikombe, akamtazama yeye, akarudi kwenye kikombe, na Vifungo alijua neno kwa neno anachojiuliza.

"Lete tambara," akasema. "Nitafuta mwenyewe."

Wifi aliinuka akalileta. Alizunguka kochi, akaja kusimama mbele kabisa, mahali pa kuonekana, ndipo akamnyooshea.